Chupa ya Sinza Huenda Wapi?

Mgeni afikapo Sinza, katika jiji la Dar es Salaam, haoni bahari. Huona maduka, gereji, na watu wengi waendao kwa haraka. Viwanja vyake vilipimwa na Serikali miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nao ukawa mtaa wa mjini kabisa. Mtu wa Sinza akiambiwa kwamba anawaua wanyama wa baharini, atacheka.

Mimi nami ningecheka. Lakini Jumapili moja ya masika, baada ya Misa, nilisimama na ndugu yangu kando ya mtaro tukingoja mvua ipungue. Mwanawe akamaliza kunywa maji, akaitupa chupa ya plastiki mtaroni. Maji yakaichukua mbio. Mtoto akauliza, "Baba, inakwenda wapi?" Baba yake akajibu, "Inakwenda zake." Swali lile likanikaa moyoni. Kesho yake nikaifuata njia ya maji.

Mitaro mingi ya Sinza huteremkia Mto Ng'ombe. Mto huo hupita Tandale, katikati ya nyumba zilizobanana, halafu huingia Mto Msimbazi. Msimbazi nao hutoka vilima vya Pugu, hulikata jiji, hupita Jangwani, na chini ya Daraja la Salenda huingia Bahari ya Hindi. Nilipofika huko nikaitazama mikoko. Mizizi yake ilikuwa imenasa chupa, kandambili na vipande vya nailoni. Hivyo ni vile vilivyonaswa tu. Vingine vilikwisha toka na maji kupwa.

Huko nje huishi kasa. Katika bahari ya Tanzania wako aina 5. Kasa jike hupanda pwani usiku, akachimba shimo mchangani, akataga mayai yapata 100 au zaidi. Baada ya miezi kama miwili watoto hutoka, wakaanza safari ya kwenda majini. Wakikuta takataka zimejaa pwani, hukwama, na kaa au ndege huwala.

Aliyekua naye hajaokoka. Kasa wengi hula yavuyavu, kile kidude cheupe chenye utelezi kiwashacho ngozi. Mfuko wa nailoni ukielea majini hufanana nacho sana. Kasa akiumeza hawezi kuutapika, kwa maana koo lake lina miiba iliyoelekea tumboni. Tumbo hujaa kitu kisicho chakula, naye hufa kwa njaa akiwa ameshiba. Akinaswa na wavu uliotupwa, hufa maji, kwani kasa huvuta pumzi kama sisi.

Tena plastiki haiozi. Jua na mawimbi huivunja vipande vidogo, samaki wakavimeza, na samaki tunawala sisi.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Jambo jema. Lakini chupa hazikukatazwa, na sheria haiwezi kusimama kwenye kila mtaro.

Ndugu msomaji wa kijijini, usiseme, "Hayo ni ya watu wa Dar es Salaam." Kijito cha Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Hata Pangani na Rufiji mwisho wake ni bahari. Basi, chupa yako itie mafuta au asali. Isiyofaa usiitupe mtoni. Wavu uliochakaa urudishe nyumbani. Wafundisheni watoto hayo, kama mnavyowafundisha sala.

Siku ya tano Mungu aliumba viumbe vya majini, akavibariki. Hakutupa ruhusa ya kuvilisha takataka.

Niliporudi Sinza, mtoto yule alikuwa anacheza mlangoni. Nikamwita, nikamwambia chupa yake ilikokwenda. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba mdogo, tunaweza kuifuata tuirudishe?"

Hatuwezi. Ile ijayo ndiyo tunayoweza kuizuia.