Matembezi ya Unguja kwa Watu wa Mfuko Mdogo

Mara nyingi twawasikia vijana wa Singida wakisema kwamba Unguja ni mahali pa Wazungu na matajiri, na kwamba mtu wa kawaida hana analolitafuta huko. Maneno haya husemwa kwa mzaha, walakini ndani yake mna huzuni. Mtoto akikua akiamini kwamba sehemu nzuri ya nchi yake si yake, atakuwa mgeni kwao. Kwa sababu hiyo tulikata shauri kwenda Unguja, watu wazima wawili na watoto watatu, tukae siku sita, wala tusikope hata senti moja. Twaandika haya ili jamaa nyingine ipate kujua jinsi jambo hili linavyowezekana.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mtu wa Singida hatoki mahali pasipo na uzuri. Mji wetu una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na kando yake yamesimama majabali makubwa kama yaliyopangwa kwa mkono. Heroe na mwari hushuka majini, wala hapana anayetozwa kitu kwa kuwatazama. Majuma kadhaa kabla ya safari tuliwapeleka watoto ukingoni mwa Singidani nyakati za jioni, tukawazoeza kutembea, kutazama, kuuliza, na kula kile tulichokichukua nyumbani. Mtoto aliyezoea kwamba kutembea maana yake ni kununua, hata Unguja yote haitamtosha.

Wala safari ya kutoka huku bara kwenda Unguja si jambo geni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipita Mgunda Mkali, pori kavu la upande wa Manyoni na Itigi, ikielekea pwani ya Bagamoyo na kuvuka hadi Unguja. Wapo waliokwenda kwa ujira wa upagazi, na wapo waliochukuliwa kwa nguvu wakauzwa. Ilikuwa safari ya miezi, kwa miguu. Sisi tuliikamilisha kwa siku moja na nusu, tumeketi vitini. Tuliwasimulia watoto habari hizi njiani, wakanyamaza kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi hukwama. Tulianza kuweka akiba mwaka mzima kabla ya safari, kidogo kidogo, na sehemu kubwa ikatoka katika alizeti iliyouzwa baada ya mavuno. Fedha hizo tuliziweka katika bahasha nne: ya nauli ya kwenda, ya malazi, ya chakula na matembezi, na ya nauli ya kurudi. Bahasha ya nne ilishonwa ndani ya mkoba, wala haikuguswa. Tulijiwekea pia sharti kwamba ada za shule na akiba ya chakula cha nyumbani zitangulie mbele ya safari. Tumepata kumwona baba mmoja aliyekopa ili awapeleke watoto wake katika hoteli ya pwani. Picha zilikuwa nzuri, lakini mwaka uliofuata aliuza ng'ombe wawili kulipa deni. Dini yetu yatufundisha kushika njia ya kati, baina ya ubahilifu na ubadhirifu. Kuwafurahisha watu wa nyumbani ni jambo jema, ila furaha ya siku sita isizae dhiki ya mwaka.

Wakati nao una bei yake. Watalii wa nchi za nje huja kwa wingi mwezi wa Julai na Agosti, na tena Disemba na Januari, na nyakati hizo vyumba hupanda bei. Masika, tangu Machi hadi Mei, vyumba hushuka sana, walakini mvua za pwani ni kubwa na bahari huchafuka. Sisi tulichagua mwanzo wa Juni. Mvua zilikuwa zimekatika, watoto wamefunga shule, na wageni wengi walikuwa bado hawajawasili.

Tulitoka Singida alfajiri kwa basi hadi Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 240. Kutoka Dodoma tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria wa kwenda Dar es Salaam mwezi wa Julai 2024. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na watoto wadogo nusu yake. Tulichukua kuku wa kukaanga, chapati na maji kutoka nyumbani, hata hatukununua chakula njiani. Sala tulizipunguza na kuzikusanya kama ilivyoruhusiwa msafiri. Usiku tulilala kwa jamaa zetu Dar es Salaam, tukawapa dumu la mafuta ya alizeti na chupa ya asali ya Singida, nao wakafurahi kuliko kama tungaliwapa fedha.

Asubuhi tulivuka kwa boti, mwendo wa saa mbili hivi. Mwananchi hulipa kwa shilingi, nauli iliyo ndogo kuliko ya mgeni, basi msisahau vitambulisho. Twawasihi wasomaji wetu jambo moja: katika chombo cha baharini usitafute urahisi wa bei. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikienda Pemba, imejaa watu kupita kiasi, na Julai 2012 meli ya Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia ya watu walipotea. Ukiona chombo kimeshonana watu, ngoja kinachofuata, hata kama itakulazimu kulala njaa.

Huko Unguja hatukulala hoteli ya pwani. Tulipata nyumba ya wageni Ng'ambo, katika mitaa wanayokaa wenyeji, safi na yenye chai ya asubuhi. Chakula tulikula pale wanapokula watu wa kazi: wali na samaki, maharage ya nazi, mkate wa ufuta, urojo. Jioni tulikwenda Forodhani kuona taa na watu, lakini tulikuwa tumekwisha kula. Watoto walipewa kila mmoja kitu kimoja cha kuchagua, na bei iliulizwa kabla ya kuchukua. Mwenye kuuliza kwa adabu, aanze na salamu, hujibiwa kama ndugu. Akija kwa kelele na majivuno, hutozwa kama mtalii.

Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, hauna mlango wa kulipia. Tulitembea siku mbili katika vichochoro vyake, tukahesabu milango ya nakshi hata tukachoka. Misikiti yake ni mingi, na kila sala tulisali katika msikiti mwingine. Pale Malindi watoto walistaajabia mnara uliochongoka kama pia iliyopinduliwa. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash lililojengwa mwaka 1883, tuliliona kwa nje tu, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Tulifika pia mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Hapo mtoto wetu mkubwa aliuliza kama watu wa Mgunda Mkali nao waliletwa mahali hapa. Tukamjibu kwamba watu wa bara walikuwamo, na majina yao hayakuandikwa.

Siku ya nne tulipanda daladala hadi Jambiani, pwani ya mashariki. Mtu wa bara na ajue kwamba bahari ya huko hupwa mbali sana, kisha hujaa, mara mbili kwa siku. Tulifika maji yamepwa, na watoto wakadhani wamedanganywa. Lakini kupwa huko ndiko kulikotupa faida: tuliwaona akina mama wakifunga mwani kwenye kamba, kilimo ambacho kimeenea Unguja tangu mwaka 1989, na mama mmoja akawaonyesha watoto jinsi ya kufunga. Maji yalipojaa, wakaoga karibu na ufuko, mtu mzima akiwa nao majini. Mbele ya hoteli na mbele ya kijiji bahari ni ile ile moja; tofauti ni kiti cha kulalia.

Siku ya tano tulikwenda Kizimkazi. Watalii wengi huenda kuwatazama pomboo kwa mashua, na hilo hatukulifanya, kwa kuwa lilizidi bahasha yetu. Tulikwenda Dimbani kuuona msikiti wa kale, ambao maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika ukuta wa kibla yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Tulisali adhuhuri hapo. Kusujudu mahali ambapo watu wamekuwa wakisujudu kwa zaidi ya miaka 900 ni jambo ambalo hapana hoteli iwezayo kuliuza.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Safari hii haikuwa bure, na yako mambo tuliyoyapita huku watoto wakigeuka nyuma kutazama. Siku ya pili mtoto wetu mdogo alilia kwa sababu ya bwawa la kuogelea aliloliona uani mwa hoteli. Tulimwambia kweli: hatuna fedha za hilo, lakini bahari tutakwenda. Twaona ni bora mtoto ajue kipimo cha nyumba yake kuliko kufichwa mpaka deni lije mlangoni.

Tuliporudi Singida bahasha ya tatu ilikuwa imebaki na fedha kidogo, tukaziweka ziwe mwanzo wa akiba nyingine. Ikiwa wewe, ndugu msomaji, una nia kama hii, usingoje upate fedha nyingi. Mavuno ya alizeti yakija, kabla hujanunua kitu cha kujionyesha kwa majirani, tenga sehemu ndogo, uandike juu ya bahasha jina la safari, na uwaambie watoto. Mwaka mmoja wa kungoja pamoja na kuhesabu pamoja ni sehemu ya matembezi yenyewe, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuleta tawfiki.