Mbwa Wapole wa Kibuli

Waendesha bodaboda wa Kampala wanaijua Kibuli kwa msikiti wake na chuo chake cha polisi. Ukimwambia mmoja wao akupeleke kwa mbwa, atageuka akutazame. "Mbwa, Kibuli?" aliuliza aliyenibeba, kisha akaingia Barabara ya Mukwano akipenya kati ya malori, kofia yake ya chuma ikiwa imening'inia kwenye usukani badala ya kichwani.

Mshangao wake ulikuwa na sababu. Kilima hiki ni moyo wa Uislamu wa jiji. Ardhi ya msikiti ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu; ujenzi ulianza mwaka 1941 na kukamilika 1951. Waislamu wa Afrika Mashariki, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafi, wanafundishwa tangu madrasa kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo, kwenye The Haven, kituo cha chama cha kutetea na kutunza wanyama cha Uganda, USPCA, vijana Waislamu walikuwa miongoni mwa waliojitolea. Walivaa ovaroli na mabuti, wakasugua sakafu za mabanda, wakaoga, wakaenda kuswali. Mmoja wao alipoulizwa alijibu kwa hadithi ya Mtume: mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

Kazi yenyewe haina mapambo. Kituo kinaishi kwa michango, na mbwa ni wengi. Asubuhi sufuria ya posho na mukene, yaani ugali na dagaa, inachemka, harufu yake ikikuganda kwenye nguo hadi jioni. Kuna kupe wa kutoa, ukurutu wa kupaka dawa, kamba za kutembezea zinazogombaniwa na mbwa wanne kwa wakati mmoja. Katikati ya vurugu hiyo ndipo mtu anapojikuta ana wapenzi wake.

Mbwa aliyeitwa Waya alikuwa wangu. Alifungwa waya shingoni angali kitoto, akasahauliwa. Shingo ikanenepa, waya ukazama ndani ya nyama hadi daktari wa mifugo akalazimika kuukata. Kovu lilimzunguka kama ushanga. Ungetarajia awachukie binadamu, lakini akimwona mgeni alijilaza chali papo hapo, miguu juu, asuguliwe tumbo.

Upole huo ndio uliokuwa msiba wake. Kampala hufugwa mbwa wa kulinda: mchana hufungiwa bandani, usiku huachiwa azunguke ndani ya ukuta. Watu wengi waliofika kutafuta mbwa waliuliza swali moja tu: "Huyu mkali?" Wahudumu walikuwa wakweli. Waya akabaki.

Bibi naye alibaki, kwa sababu nyingine. Alikuwa jike mzee, chuchu zikiburuzika, na kila kitoto cha mbwa kilichookotwa mtaroni alikichukulia kuwa chake: akakilamba, akakilalia, akakingurumia kikizidisha utundu. Wafugaji humkimbia jike wakihofia watoto, na hofu hiyo si ya bure, maana mimba ya mbwa ni siku 63 hivi na jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Lakini jike aliyefungwa kizazi hana tatizo hilo. Wanaume wazima walielezwa hayo, wakaitikia kwa kichwa, wakaondoka na dume.

Kufunga kizazi na kuchanja, kwa maoni yangu, kuna faida zaidi kuliko risasi na sumu ambazo miji mingi ya kanda hii imezitumia dhidi ya mbwa wa mitaani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ukiwaua, unaua na waliochanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na wageni wasiochanjwa.

Kuna mahali Uganda ambapo Waya angepata kazi siku hiyo hiyo. Gulu, kaskazini, iliyopitia miaka ya vita vya waasi wa LRA, Francis Okello Oloya aliyepofushwa na bomu akiwa na umri wa miaka 12 alianzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya shirika la BIG FIX Uganda. Alipokuwa shule ya bweni, mbwa wa pale ndio waliomwongoza usiku kwenda chooni na kurudi. Mradi wake huwaunganisha mbwa waliookolewa na watu ambao vita viliwaachia jinamizi na woga. Wanafunzwa pamoja, kisha wanakwenda nyumbani pamoja. Huko mbwa mkali ndiye anayekataliwa.