Lisekese na Newala: Nchi ya Korosho na Kazi ya Karibu na Nyumba

Msafiri atokaye Mtwara kwenda bara kwa njia ya Newala hupanda polepole juu ya Uwanda wa Makonde, katika mchanga mwekundu, mikorosho kulia na mikorosho kushoto. Newala yenyewe imekaa ukingoni, zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Hapo nchi hukatika ghafula, mahali wenyeji wapaitapo Shimo la Mungu, na jicho hushuka mpaka bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Akiteremka upande wa magharibi hufika Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe matupu, na moja katika kata zake ni Lisekese. Hiyo ndiyo nchi tunayotaka kuisema leo.

Watu wengi wakisikia majina haya husema, "Mbali!" Na vijana wa huko nao husema vivyo hivyo, ila wao ni Dar es Salaam waionayo kuwa karibu. Zamani baba zao walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Baadaye wana wakaenda mjini kuuza bidhaa mikononi, na hata jina la machinga, litajwalo leo katika kila mtaa, asili yake ni kabila la huko huko kusini. Nyumba ngapi zimelelewa na mama peke yake kwa sababu hiyo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Basi twauliza: je, nchi hii haina kazi ya maarifa ambayo mtu aweza kuifanya mchana, na magharibi akaswali na wanawe?

Sisi twaona ipo, nayo imefichwa katika kitu kitupwacho, yaani ganda la korosho.

Kila aliyebangua korosho kwa mkono analijua ganda hilo kwa uchungu wake. Ndani yake, baina ya ngozi mbili, mna tabaka kama sifongo lenye mafuta meusi yaunguzayo mikono. Ndiyo maana akina mama hujipaka majivu au mafuta mengine kabla ya kuanza kazi. Mafuta hayo ni kama robo ya uzito wa ganda, na pengine zaidi. Sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi, ambayo ikipashwa moto hutoa hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kadanoli. Kadanoli ikichanganywa na fomalini kwa kipimo na joto lake, huwa ulimbo mgumu usioyeyuka tena. Ulimbo huo husagwa ukawa unga, ukatiwa katika breki za magari, kwa kuwa hustahimili joto la msuguano. Kwa njia nyingine kadanoli hufanywa dawa ya kugandisha rangi zipakwazo meli na matangi, nazo hushika hata penye unyevu. Kwa hiyo kile kilichomchoma bibi yetu vidole ndicho kilindacho chuma cha meli baharini.

Sasa na tupige hesabu ya juu juu. Katika kilo 80 za korosho ghafi, kiini hakizidi sana kilo 20. Ganda ni kilo 50 na zaidi, na ndani yake mna mafuta ya kilo 12 au zaidi. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania huuzwa pamoja na ganda lake, ikapakiwa melini kwenda India na Vietnam. Tunauza kiini, na mafuta twayatoa kama bakshishi! Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, nyingi zikitoka mikoa hii ya kusini. Msomaji na amalizie hesabu mwenyewe.

Upande wa kaskazini, katika ardhi ya Ruangwa, kuna madini ya kinywe, yatumikayo katika betri. Lakini kinywe chataka mtaji wa makampuni makubwa. Ganda lataka mashine ya kukamua, pipa la kupashia moto, chujio, na kijana aliyesoma kemia akaishika. Makapi yake hurudi kuwa kuni za pipa lile lile.

Twasisitiza udogo huo kwa sababu kusini imekwisha kuona ukubwa. Baada ya vita, mwaka 1947, Waingereza walileta mpango wa karanga, na Nachingwea, jirani ya Masasi, ikapasuliwa kwa mitambo na kujengewa reli. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Katika miaka hiyo hiyo wakulima wadogo, pasipo reli wala mitambo, walikuwa wakipanda mikorosho shamba kwa shamba. Mavuno ya nchi yalifika tani 145,000 msimu wa 1973/74. Ndipo vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangulia, Masasi na Newala vikiwemo. Lakini watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ikawa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na kufikia 1986/87 hazikupatikana hata tani 20,000. Viwanda vingi vikanyamaza. Kilichouokoa mkorosho ni salfa, utafiti wa Naliendele, na subira ya wenye mashamba.

Ama kwa upande wa nyumba, nchi hii ina jambo tulilolipenda. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde desturi ya asili ni mume kuhamia kwa wakwe, na hivyo bibi mzaa mama huwa karibu na wajukuu. Mama aendaye karakana asubuhi hamwachi mtoto kwa mgeni. Desturi hiyo ina ugumu wake pia, maana mkorosho mara nyingi huishi kuliko aliyeupanda, na swali la nani aurithi, mtoto au mpwa, limeingia katika nyumba nyingi. Kwa familia ya Kiislamu faraidhi imekwisha kulijibu, na binti hakusahauliwa. Afadhali hesabu hiyo ijulikane mzee akiwa hai.

Tena kuna mabibo. Mengi huoza chini ya miti, na mengine hugeuzwa uraka, kinywaji ambacho msimu wa fedha hukiongezea wateja. Mwenye kuyakausha au kuyakamua juisi atakuwa ameziba mlango huo bila ya kupiga kelele.

Hatusemi kwamba njia ni nyepesi. Maji juu ya uwanda ni shida ya kale. Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 aliandika juu ya watu wakaao mbali na visima vyao, na mradi wa maji wa tangu miaka ya 1950 haujakata kiu yote. Moshi wa mafuta ya ganda huwasha macho na kifua, hivyo pipa halifai kuwekwa uani penye watoto. Na bei hutikisika. Novemba 2018 wanunuzi walipokataa bei, serikali iliagiza korosho inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuibeba. Nyumba itegemeayo mnada mmoja wa mwaka hulala macho.

Kijana wa Lisekese au Newala atakaye kujaribu asianze kwa kununua mashine. Na aende kwanza Naliendele, na katika ofisi ya SIDO pale Mtwara, akaulize. Kisha azungumze na wabanguaji wa mtaani kwake kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa, maana maganda yakisha kuchomwa hayapatikani tena mpaka msimu mwingine.