Kompyuta Ilipopiga Kelele

Ndugu mwanafunzi,

Kabla hujaanza mazoezi ya sura hii ya joto, naomba nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, mwalimu wa Fizikia. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake mna mengi utakayoulizwa kuhusu namna joto linavyosafiri. Pili, lilinifanya niombe radhi kwa mwanafunzi wangu mbele ya wenzake, na sijalisahau hadi leo.

Ninafundisha shule ya kutwa mkoani Dodoma. Ukifika kwetu wakati wa kiangazi utajua vumbi ni nini. Unafuta meza asubuhi, na saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ofisi yetu ya taaluma ina kompyuta ndogo, ya ile aina isiyozidi ukubwa wa kamusi, inayounganishwa na skrini na printa. Humo ndimo tunamotunza alama zenu na kuandaa mitihani.

Mwaka huo, wiki moja kabla ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, kompyuta ile ilianza kupiga kelele. Feni yake ilivuma kama nyuki waliochokozwa. Kisha kompyuta ikawa nzito. Ukibonyeza herufi, unasubiri ndipo itokee. Jumatano mchana ikazimika ghafla. Maswali niliyokuwa nikiyachapa tangu asubuhi yakapotea, maana sikuwa nimeyahifadhi.

Palikuwa na kijana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa akitusaidia kazi za kompyuta. Jana yake alionekana ofisini akiwa na flashi. Mimi, kwa hasira, nikaunganisha mambo hayo mawili na kutoa hukumu: ameweka michezo, au ametuletea kirusi. Nilimwita mbele ya walimu wenzangu, nikamnyang'anya ufunguo wa ofisi na kumwambia aje na mzazi Ijumaa. Alijitetea kwa maneno machache tu: "Mwalimu, mimi sijaweka kitu. Ila hiyo kompyuta ina joto sana."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Fikiria, mwanafunzi anamtajia mwalimu wa Fizikia habari za joto, na mwalimu hataki kusikia!

Alhamisi asubuhi kijana hakukanyaga ofisini, lakini kompyuta ilizimika tena baada ya dakika kumi. Nikaikagua kwa programu ya kutafuta virusi, sikuona kitu. Hapo ndipo neno lake liliponirudia. Nikaweka kiganja juu ya kompyuta, nikakitoa upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji.

Tangu hapo niliacha kukisia, nikaanza kuchunguza. Nifuatilie hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, nilitazama mahali ilipokaa. Juu yake palikuwa na kitambaa kizuri cha kufuma, tulichokiweka wenyewe kuizuia isiingie vumbi. Kitambaa hicho kiliziba matundu ya hewa ya pembeni. Matundu ya chini nayo yalilala juu ya faili. Nikaondoa kitambaa, nikaiinua kompyuta juu ya vipande viwili vya mbao. Safari hii ilidumu dakika arobaini kabla ya kuzimika. Palikuwa na nafuu, lakini haikupona.

Hatua ya pili, nilifungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ikitumika asilimia 4 tu, na feni bado inavuma kwa nguvu zote. Kama mchezo au programu ya siri ingekuwa inaitumikisha kompyuta, ningetarajia kuikuta prosesa ina kazi nyingi. Nikafungua ukurasa wa mipangilio unaopatikana wakati kompyuta inawaka, nikasoma joto la prosesa: nyuzi 91 za Selsiasi, bila kazi yoyote ya maana! Prosesa nyingi hujilinda zinapokaribia nyuzi 100. Kwanza hupunguza kasi, na joto likizidi kompyuta hujizima. Uzito na kuzimika vilikuwa na chanzo kimoja.

Hatua ya tatu, nilichomoa waya wa umeme, nikasubiri ipoe, nikagusa chuma ili kuondoa umemetuli mwilini, kisha nikafungua skrubu nne za chini. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na tabaka la vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Nikaliondoa kwa brashi laini na kwa kupuliza hewa kwa pampu ya mkono, huku nikiizuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo na kuharibika. Nikafunga, nikapima tena: nyuzi 70.

Hatua ya nne, nilikwenda kwa fundi mjini kununua krimu ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba. Ya zamani ilikuwa imekauka kama chaki. Nikaifuta kwa spiriti, nikasubiri pakauke, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Jioni ile nilisoma nyuzi 52. Feni ilikuwa kimya hata nikainamisha sikio kuhakikisha kama inazunguka.

Sasa tazama Fizikia iliyomo. Joto hutoka kwenye prosesa na kupita ndani ya shaba, kitu kigumu. Shaba hupitisha joto zaidi ya hewa kwa zaidi ya mara 10,000. Nyuso mbili za chuma, hata zikionekana laini, zina vijishimo ambamo hewa hujificha. Krimu hujaza vijishimo hivyo na kuifukuza hewa. Kutoka kwenye mapezi joto hubebwa na hewa inayosukumwa na feni. Mapezi ni mengi na membamba ili eneo linalokutana na hewa liwe kubwa. Vumbi likiziba, hewa haipiti. Feni huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia, na kelele zake ni taarifa tu kwamba njia ya joto imezibwa. Lakini feni ikikwaruza au kugonga hata kompyuta ikiwa ya baridi, tatizo liko kwenye feni yenyewe: huenda waya unaigusa, au imechakaa na inahitaji kubadilishwa.

Ijumaa asubuhi mama yake alifika. Alikuwa ameacha genge lake la nyanya bila mtu, na siku ile ilikuwa ya soko. Nilimpa kiti, nikamwambia, "Mama, nimekukosea wewe na mwanao. Kosa lilikuwa letu walimu." Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Yameisha, mwalimu. Lakini jana mtoto aliniambia hataki tena shule."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mitihani iliyopotea. Nilikuwa nimemshutumu hadharani, hivyo niliona si haki kumwomba radhi faraghani. Mstarini, mbele ya shule nzima, nilieleza kilichotokea na kumrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu." Hakusema zaidi, nami sikustahili zaidi.

Ndugu mwanafunzi, utakapoketi kwenye chumba cha mtihani, utakutana na swali linalofanana na ulilowahi kuliona. Mkono utataka kuandika jibu kabla jicho halijamaliza kusoma. Jizuie. Tenganisha dalili na chanzo. Badilisha jambo moja kwa wakati, pima, andika ulichokiona, ndipo uhitimishe. Ningebadilisha mambo yote manne kwa mara moja, kompyuta ingepona, lakini nisingejua kila jambo lilichangia kiasi gani.

Na ukiwa nje ya chumba cha mtihani, mtu akikwambia "ina joto", weka kwanza mkono uone. Kuhukumu kulinichukua dakika moja, na kulikaribia kumwondoa mtoto shuleni.

Sasa geuza ukurasa, uanze zoezi la kwanza. Nakutakia maandalizi mema.