Nyuzi Nne au Nyuzi Tano?

Ndugu msomaji, huenda wewe hupigi gitaa wala hujapata kulishika. Hata hivyo nakuomba usiuruke ukurasa huu. Jambo nitakalokueleza laweza kumfika mvuvi anayetamani mashine kubwa kuliko aliyo nayo, au mama anayetamani cherehani nyingine. Ni jambo la mtu aliye na chombo kinachofanya kazi, akaonyeshwa kingine kilichokizidi, akaambiwa achague upesi.

Mimi ni karani wa parokia huku Sudi, pwani ya Lindi. Nilisomea ualimu chuoni, na huko ndiko nilikojifunza nota za solfa na kupiga gitaa la besi. Siku za kazi naandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, napokea michango na kutoa risiti. Jumapili napiga besi katika kwaya yetu. Gitaa lenyewe si mali yangu, ni mali ya kwaya. Lina nyuzi nne, rangi imeambuka mahali mkono unapokaa, lakini sauti yake ni nzuri.

Mwezi wa Septemba uliopita tuliletewa habari na mtu mmoja wa Lindi mjini. Alikuwa na gitaa la besi la nyuzi tano, zima, shingo yake imenyoka sawasawa. Alikuwa tayari kulibadilisha na la kwetu, mradi tumwongezee shilingi 350,000. Sanduku la kwaya lilikuwa na shilingi 380,000, fedha tulizozipata kwa kupalilia mikorosho ya watu na kuuza vitumbua. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema, "Karani, wewe ndiwe uijuaye kazi hii. Wasemaje?"

Wote wakanigeukia. Katika watu wote waliokaa pale, mimi peke yangu ndiye niliyejua uzi wa tano ni wa kazi gani, na mimi ndiye niliyelitamani gitaa lile kuliko wote. Nikisema ndiyo, hakuna atakayepinga, na fedha za vitumbua zitakwenda. Nikaomba nipewe siku sita nifikiri. Wakanipa.

Karani akishikwa na shaka hufungua daftari. Nami nikafungua ukurasa mpya, nikapiga mstari katikati. Upande wa kushoto nikaandika "Faida", upande wa kulia "Gharama". Haya niliyoyaandika ndiyo nitakayo uyapime nawe.

Kwanza yafaa ujue tofauti yenyewe. Nyuzi nne za gitaa la besi, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, huitwa E, A, D na G. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde moja. Gitaa la nyuzi tano huongeza uzi mnene zaidi uitwao B, utetemao kama mara 31 kwa sekunde. Uzi wa E kwa kawaida una unene wa milimita 2.7 hivi, na ule wa B milimita 3.3. Kwa hiyo shingo ya gitaa hupanuka ili ipate nafasi ya mgeni huyo.

Si jambo la kale. Gitaa la besi la umeme lilianza kuenea mwaka 1951, Leo Fender wa California alipotoa lile lililoitwa Precision, lenye nyuzi nne. Mwaka 1965 kiwanda cha Fender kilitoa la nyuzi tano, lakini uzi ulioongezwa ulikuwa wa juu, mwembamba, wala halikupendwa sana. Ni mwaka 1976 ambapo mpigaji mmoja wa Marekani, Jimmy Johnson, alitengenezewa la nyuzi tano lenye uzi mnene wa chini. Miaka ya 1980 vinanda vya umeme vilishuka chini kuliko besi iwezavyo, na wapigaji wengi wakaona hapana budi nao washuke.

Wala swali la kuongeza uzi halikuanza na umeme. Inasimuliwa kwamba Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad akafika Cordoba mwaka 822, aliuongezea udi uzi wa tano. Udi huo huo ndio wausikiao jirani zetu wa Sudi wapenzi wa taarabu, na hakuna leo aulalamikiaye kwa wingi wa nyuzi. Hilo nililiandika upande wa faida: kitu kipya si kibaya kwa kuwa ni kipya.

Lakini faida kubwa ni hii. Mwalimu wetu wa kwaya hupenda do iwe D, maana hapo soprano huimba bila kukaza koo. Sasa fikiri besi inashuka mwishoni mwa wimbo: sol, fa, mi, re, do. Katika gitaa la nyuzi nne naweza kushuka vizuri mpaka re, ambayo ni ule uzi wa E wenyewe. Do ya chini haipo. Hapana budi niruke juu kuitafuta do nyingine, kama mtu ashukaye ngazi akakuta kidato cha mwisho kimeng'olewa. Kwenye nyuzi tano kidato hicho kipo, freti ya tatu ya uzi wa B. Tena mkono waweza kutulia mahali pamoja pasipo kupanda na kushuka shingo nzima, na mpigaji akapata nafasi ya kumtazama mwalimu wa kwaya.

Upande wa gharama nikaandika kwanza nyuzi zenyewe. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula chuma. Nyuzi zikifa sauti twazichemsha katika maji, twazikausha vizuri, nazo hufufuka kwa muda, lakini kutu ikishaingia hakuna dawa. Nyuzi mpya twaagiza Kariakoo, zije kwa basi. Seti ya nyuzi nne hupatikana kwa urahisi kuliko ya tano, na bei yake ni ndogo.

Pili nikaandika spika. Spika yetu ni ndogo, tena ngozi yake imechanika ukingoni. Haiwezi kuitoa sawasawa mitetemo 31 kwa sekunde. Kitakachosikika hasa ni mitetemo ya juu yake, mara mbili na mara tatu, na sikio hujijazia yaliyobaki. Basi gitaa la nyuzi tano bila spika ya kulifaa ni kama tanga kubwa katika ngalawa yenye mlingoti mfupi.

Siku ya tatu nilizungumza na mzee mmoja jirani yangu, mpenzi mkubwa wa taarabu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza habari yote. Akaniuliza neno moja tu: "Mwanangu, huo uzi wa tano atausikia nani?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye daftari. Nikachukua madaftari ya kwaya, nikahesabu nyimbo zote tunazoziimba kwa mwaka. Zilikuwa 46. Zile ambazo do yake ni D au C zilikuwa 17. Nikazipiga moja moja jioni peke yangu. Katika 12 kuruka juu hakuharibu kitu. Katika tano niliona kweli kwamba mwisho wa wimbo unapungukiwa. Na katika hizo tano, tatu zilikuwa za D, mbili za C.

Tena nikakumbuka njia ya zamani ya wapigaji: kuulegeza uzi wa E mpaka uwe D. Ni kazi ya kugeuza ufunguo mmoja kidogo. Ukifanya hivyo vidole vyapaswa kusogea freti mbili juu katika uzi huo, lakini do ya chini unaipata. Nyimbo tatu zikapona pale pale. Kuulegeza mpaka C hakufai kwetu, maana uzi hulegea ukagonga shingo. Kulikuwa na njia nyingine pia, kutoa nyuzi zote na kuweka B, E, A na D kwenye gitaa hili hili. Lakini hapo twaupoteza uzi wa G, na katika nyimbo zetu za kuchezesha, besi hupenda kupanda huko juu na kujibizana na gitaa jembamba. Watu wa kwetu wangeuliza raha imekwenda wapi.

Basi zikabaki nyimbo mbili. Karani hawezi kuacha kugawanya: shilingi 350,000 kwa nyimbo mbili ni shilingi 175,000 kwa kila wimbo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kilichonizuia zaidi hakikuwa hesabu. Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha vijana watatu kwa gitaa hili hili, wavulana wawili na msichana mmoja. Msichana ndiye aliyetangulia mbele. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Krismasi atapiga nyimbo mbili mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Habari za gitaa jipya zilimfikia, maana Sudi si mji mkubwa. Alhamisi alikuja mapema kabla ya wenzake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"La nyuzi tano likija, hili litaondoka?"

"Litaondoka."

"Na Krismasi nitapiga?"

Sikumjibu upesi. Mikono midogo nayo huizoea shingo pana, wako wengi duniani walioizoea. Lakini huchukua miezi. Si vidole vya kushoto tu. Mkono wa kuume nao hujifunza kuuzima ule uzi mnene usingurume wakati hauhitajiwi. Kutoka mwisho wa Septemba mpaka Krismasi si muda mrefu, na mazoezi ni siku mbili kwa juma, watu watatu kwa gitaa moja. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Akashika gitaa akaanza mazoezi, wala hakuuliza tena.

Nilikumbuka pia wapigaji wa zamani. Kilwa Jazz Band ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la pwani yetu hii, iliwachezesha watu miaka ya 1960, wakati ambapo gitaa la besi la kawaida lilikuwa la nyuzi nne. Huko Detroit, James Jamerson, ambaye besi yake imo katika nyimbo nyingi sana za Motown, alipiga nyuzi nne, na inajulikana kwamba hakupenda kuzibadilisha mpaka zikatike. Mimi si Jamerson. Lakini niliona kwamba do ya chini si kitu kilichonitenga mimi na upigaji bora. Kilichonitenga ni mazoezi.

Kamati ilipokaa tena, jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba nalitamani gitaa lile. Niliona ni haki walijue hilo kabla ya kusikia hesabu, wapate kuyapima maneno yangu. Kisha nikawasomea pande zote mbili za daftari, neno kwa neno. Kimya kikawa kirefu. Mama mtunza hazina akauliza, "Spika hii tuliyo nayo yatengenezeka?" Nikasema yatengenezeka. Mwingine akauliza, "Na hawa vijana?" Nikaeleza. Hawakuchukua muda mrefu tena. Wakaamua tubaki na nyuzi nne, spika itengenezwe, seti mpya ya nyuzi iagizwe, na zinazobaki zirudi sandukuni. Yule bwana wa Lindi nikampelekea habari kwa heshima, naye akapata mnunuzi mwingine.

Nisikufiche, siku ile nilipopata habari kwamba limeuzwa, moyo uliniuma kidogo. Na hata sasa, tukiimba ule wimbo wa maombolezo wa do ya C, mkono wangu huruka juu mahali ambapo ungependa kushuka. Wimbo wa pili wa C mwalimu wa kwaya aliupandisha ukawa D, na soprano wakauweza. Nyimbo za D twazipanga zifuatane, ili nilegeze uzi mara moja tu, nisisumbue watu katikati ya ibada. Spika sasa hainung'uniki.

Basi, ndugu msomaji, sisemi nyuzi tano ni anasa. Kama bendi yenu ina spika za kutosha, kama nyimbo zenu nyingi zashuka chini ya E, au kama ndiyo kwanza mnanunua na hakuna cha kutoa, chukueni la nyuzi tano bila hofu. Wapigaji wengi wa leo huyamudu yote mawili. Nakuomba tu uhesabu nyimbo zako kwanza, uzipige moja moja, uandike. Kisha utazame ni nani wengine wanaokishika hicho chombo pamoja nawe.

Krismasi yule msichana alipiga nyimbo zake mbili. Katika wa kwanza aliharakisha kidogo, mwalimu wa kwaya akamrudisha kwa mkono. Wa pili aliupiga sawasawa mpaka mwisho, nami nilikuwa nimekaa benchi la nyuma pamoja na waimbaji wa besi, sina gitaa mkononi, naimba.