Anza na Taa: Barua kwa Mpwa Wangu

Litein, Kericho
16 Februari 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Nyanya yako anakusalimu sana huko Bomet na anauliza ni lini utampandisha kwenye hilo gari ulilonunua, maana picha ulizotuma kwa simu hazimtoshi.

Hongera tena. Najua ulivyojinyima, na najua kazi yako ya kuzunguka vituo vya majani chai ilivyokuwa ngumu ukitegemea bodaboda, hasa mvua ikinyesha na murram ya Konoin ikawa utelezi. Sasa umeniuliza kama ni busara kulipia ile plastiki angavu ambayo mafundi wa Nairobi huiita PPF, ubandikiwe gari zima kuanzia bampa hadi buti kama alivyofanya rafiki yako. Mimi nimekula mkate wangu kwa kupiga rangi magari, kwa hiyo sitakujibu juujuu kwenye simu. Kwa taa, ndiyo. Kwa sehemu chache za mwili wa gari, ndiyo. Kwa gari zima, hapana. Na kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, anza na taa.

Plastiki yenyewe ni kitu cha kweli, usidhani ni ujanja wa wauzaji. Ilianzia jeshini. Wakati wa vita vya Vietnam, mapanga ya helikopta za Marekani yalikuwa yakiliwa na mchanga na vijiwe, ndipo kampuni ya 3M ikatengeneza utando wa poliurethani wa kuyafunika. Watu wa mbio za magari wakauchukua baadaye, kisha wenye magari ya kawaida. Utando wa siku hizi kwa kawaida una unene wa mikroni 150 hadi 200, yaani hauzidi sana sehemu ya tano ya milimita. Nguvu yake ni kunyumbuka. Jiwe likigonga vanishi tupu, vanishi haina pa kwenda. Inapasuka na kuruka pamoja na rangi iliyo chini yake. Likigonga poliurethani, utando unabonyea, unameza kishindo, halafu unarudi mahali pake. Tena aina nzuri ina tabaka la juu ambalo mikwaruzo midogo hufutika yenyewe gari likikaa juani au likimwagiwa maji ya moto.

Sasa tazama gari lako linakopita. Siku nyingi uko kwenye barabara za ndani za Mogogosiek, ambako lori la majani chai likikutangulia linakurushia changarawe, na ukitoka kwenye lami ya Kaplong kuja Kericho unakutana na malori mengine yaliyobeba mawe katikati ya magurudumu. Jioni ukifika nyumbani, pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa mbele wa boneti. Utahisi vidoa kama chembe za chumvi. Viangalie kwa tochi. Vingine vitakuwa vyeupe au kijivu, hapo jiwe limefika kwenye praima. Vingine vitakuwa na kitone cha hudhurungi katikati, na hapo limefika kwenye chuma, kutu imeshaanza kazi. Kwa mvua za Kericho na Bomet, ambazo hazikosi karibu mwezi wowote wa mwaka, kitone hicho hakikai kimya. Kinatambaa chini ya rangi, na siku utakapokiona kimevimba, fundi atakuambia boneti nzima ipigwe msasa.

Ndiyo maana sioni haja ya kufunika paa na milango yote. Mawe hayafiki huko. Funika ukingo wa mbele wa boneti, vioo vya pembeni, na ile sehemu ya chini ya mlango iliyo nyuma ya gurudumu la mbele, inayopigwa na changarawe ya gurudumu lako mwenyewe. Bampa ni plastiki, haishiki kutu, kwa hiyo ni ya urembo tu. Kama pesa zimebaki, ifunike, kama hazikubaki, iache. Kuna faida moja ya kufunika bampa na boneti ambayo wengi hawaitaji: kumbikumbi. Mvua zikianza, ukiendesha usiku wanajibandika mbele ya gari kwa wingi, na utumbo wao ukikaukia kwenye vanishi kwa siku mbili tatu juani, unaiachia alama. Kinyesi cha ndege hufanya vivyo hivyo. Kwenye utando, uchafu huo huosheka bila kuifikia rangi, mradi usiuachie wiki nzima.

Lakini kuna jambo moja usikubali kudanganywa. Akija mtu akikuambia kwamba plastiki hii itakukinga na mvua ya mawe, mkimbie. Kericho ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani, hata kampuni za chai ziliwahi kurusha kemikali kwenye mawingu ili kuyapunguza mawe hayo kabla hayajaangukia michai. Barafu inayoweza kukwanyua chai kutoka mwanzo wa mtaro hadi mwisho haizuiwi na utando wa sehemu ya tano ya milimita. Rangi inaweza isipasuke, lakini bati litabonyea. Dawa ya mvua ya mawe ni banda na bima. Usiichanganye plastiki hii pia na ile dawa ya kupaka wanayoiita keramiki. Inang'arisha na kufanya maji yateleze, ila jiwe hailizuii.

Tuje kwenye taa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Peugeot 504 na Landrover za mashamba ya chai zilikuwa na taa za kioo. Jiwe likigonga, kioo kilipasuka, ndiyo sababu watu walifunga wavu wa chuma mbele yake. Lakini kioo hicho hakikuwa kinageuka manjano. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamehamia kwenye polikaboneti, plastiki nyepesi na ngumu sana, inayofuata umbo lolote la gari. Adui yake ni jua. Miale ya urujuanimno inaichoma taratibu, inakuwa manjano na kujaa vijipasuko visivyoonekana kwa macho. Kiwandani huipaka tabaka gumu la kuikinga, na tabaka hilo likishaliwa na vumbi na mawe, hakuna kinachobaki kati ya jua na taa.

Gari lako ni la 2018. KEBS hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo karibu kila gari tunalonunua kutoka Japani linakuja na tabaka hilo limeshatumika miaka kadhaa. Kisha tunalileta hapa. Watu wa kwetu hudhani kwa sababu kuna baridi, jua halifanyi kitu. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko hata kilomita 50 kutoka hapo. Urujuanimno wa mahali pa juu hivi karibu na ikweta ni mkali, hata siku ambayo umevaa sweta.

Na unaijua barabara hii ya kwetu saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Ukungu umelala juu ya chai. Wachumaji wanatembea ukingoni mwa lami na vikapu mgongoni kwa sababu hakuna njia ya miguu. Watoto wa shule wamevaa sweta nyeusi au za kijani kibichi, rangi ambazo gizani hazionekani kabisa. Bodaboda iliyobeba watu watatu haina taa ya nyuma. Taa iliyofifia haipunguzi mwanga tu. Inautawanya kando na juu, ikampofusha anayekuja na kuiacha barabara gizani. Rangi ya gari ikichunika, hasara ni yako. Taa ikififia, hasara ni ya mama wa mtu anayekwenda kuchuma chai. Kwa hiyo naona ajabu mtu anapolipa pesa nyingi kufunika milango na kuacha taa.

Kwanza kagua taa zako kabla ya kubandika chochote. Kama bado ni safi, una bahati, bandika sasa. Kama zimeanza umanjano, utando utaufungia huo umanjano ndani. Zisuguliwe kwanza kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 au 1000, kisha 2000, kisha 3000, zipigwe polishi mpaka ziwe kama kioo, ndipo zibandikwe siku hiyo hiyo. Dawa ya meno ambayo vijana wa kuosha magari hupaka inang'arisha kidogo, lakini inaiacha polikaboneti uchi, na baada ya miezi michache umanjano unarudi. Ukiona matone ya maji kwa ndani ya taa, hapo gundi ya pembeni imeachia. Shughulikia hilo kwanza. Na plastiki iwe angavu kabisa. Vijana wanapenda ile nyeusi au ya manjano, wanasema gari linapendeza. Inakula mwanga ule ule unaoutafuta.

Kuhusu fundi, mwombe akupe kipande cha plastiki mkononi. Poliurethani ukiivuta inanyumbuka na kurudi. Ile ya bei ya chini ya PVC ni ngumu, na ndiyo inayogeuka manjano na kukauka pembeni mapema. Kikwaruze kipande hicho kidogo kwa brashi ya shaba, kisha kimwagie maji ya moto kutoka kwenye birika. Kama kina tabaka la kujiponya kweli, mikwaruzo itafutika mbele ya macho yako. Mwombe pia dhamana iliyoandikwa na jina la mtengenezaji. Zilizo nzuri huwa na dhamana ya miaka 5 hadi 10.

Kisha simama umtazame anavyofanya. Chumba kiwe kimefungwa na sakafu imenyunyiziwa maji, maana vumbi letu jekundu likiingia chini ya utando halitoki tena. Anapulizia maji yenye sabuni kidogo kwenye taa na kwenye gundi, analaza utando, anautelezesha mpaka ukae sawa, halafu anayasukuma maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye kona anapasha moto kidogo na kuvuta. Akitoa wembe akaanza kukata moja kwa moja juu ya boneti yako, mzuie. Wembe ukipita kwenye vanishi umekufungulia njia ya kutu. Vipande vikatwe kwa mashine kabla, au atumie ile tepu yenye uzi wa kukatia.

Kwa siku chache utaona viputo vya maji na ukungu mwembamba. Usivitoboe. Baridi ya huku hufanya vikawie kukauka, lakini vitaondoka. Usioshe gari wiki hiyo, na baada ya hapo waambie wa kuosha wasielekeze mashine ya presha kwenye kingo za plastiki. Na kama boneti iliwahi kupigwa rangi upya mahali fulani, niambie kabla. Rangi iliyopigwa vibaya hung'oka pamoja na utando siku ya kuutoa, na hilo siwezi kulijua bila kuliona gari.

Usilipe arubuni kwa mtu yeyote kwanza. Lilete gari Litein Jumamosi ijayo, mapema, kabla mvua za Machi hazijaanza, na uje na kipande cha hiyo plastiki waliyokuonyesha. Tutaikagua rangi pamoja na taa tutazisugua mimi na wewe, hiyo hutalipia. Msalimie mama yako, na umpitie nyanya kabla ya kurudi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.