Sili ya Mbele na Vumbi la Mpanda

Kwa miaka mingi lori lililoingia Mpanda likitokea Sumbawanga au Tabora lilikuwa na alama mbili ambazo hazikumshtua mtu: vumbi jekundu lililofika hadi kwenye kope za dereva, na oili nyeusi iliyoganda mbele ya injini, chini ya puli ya krenki. Oili hiyo ilipita pale mdomo wa sili ya mbele ulipochoka, ikashikana na vumbi, ikawa tope zito lililofunika taiming kava na kulowesha belti ya feni. Nikikumbuka jinsi gereji za mkoa huu zilivyolishughulikia jambo hilo tangu enzi ya uhaba hadi leo, naona kazi ya kubadilisha sili imebadilika, na mabadiliko yenyewe tumeyaelewa nusu tu. Tunasema imekuwa rahisi kwa kuwa spea zimejaa. Kwa maoni yangu, ugumu haukuondoka, umehama. Zamani ulikuwa kwenye kuipata sili. Leo uko kwenye kujua kwa nini iliyotangulia ilivuja, na sehemu hiyo ya kazi ndiyo ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

Uhaba wenyewe si hadithi. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, ilijengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa, lakini reli ikabaki kuwa mlango mkuu wa bidhaa, na masika yalipoharibu barabara ikawa karibu mlango pekee. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka nchini. Scania ziliunganishwa hapa hapa nyumbani, Kibaha, lakini sili, ringi na gasketi bado zilihitaji dola, na Mpanda ilikuwa mwisho wa mstari kwa kila kitu. Fundi aliyefungua puli akakuta mdomo wa sili umelegea hakuwa na duka la kukimbilia. Alichokuwa nacho ni springi ile nyembamba inayozunguka nyuma ya mdomo wa mpira, laini kama unywele uliosokotwa. Aliichomoa kwa ncha ya bisibisi, akatafuta mahali ncha moja iliyochongoka inapojifungia ndani ya nyingine, akaifungua kwa kuizungusha, akakata mizunguko michache upande wa pili na kuifunga tena. Pete ikawa ndogo, mdomo ukabana, lori likaondoka.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ilikuwa shida tu na haistahili kusifiwa. Ni kweli, na nyongeza yake ni kwamba njia yenyewe ilikuwa na madhara. Mdomo uliobanwa kupita kiasi hupata joto, mpira hukauka na kupasuka, na shingo ya krenki huliwa haraka zaidi. Siidai enzi ile irudi. Ninachosema ni kwamba ilimlazimisha fundi kuisoma sili ya zamani, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo aliyopaswa kuirudisha. Mdomo mgumu uliopasukapasuka ulimwambia kwamba joto limezidi au oili imechakaa. Mdomo uliolika upande mmoja ulimwambia kwamba sili haikukaa katikati, au shingo inayumba. Na mdomo mzima, laini, usio na kosa lolote, ilhali oili imejaa nje, ulimwelekeza akatafute ugonjwa mahali pengine ndani ya injini. Maarifa hayo hayakuandikwa popote, na mtindo mpya wa kazi ulipokuja yakaonekana hayana kazi.

Mtindo huo ulikuja kwa hatua. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na katika miaka ya 1990 malori yaliyotumika Japani, hasa Fuso na Isuzu, yakaenea nchi nzima. Pamoja nayo zilikuja sili kwenye mifuko ya nailoni kutoka Kariakoo, za bei ambayo hata mwenye lori moja angeimudu. Tangu hapo neno likawa toa, weka. Legeza belti, fungua nati kubwa ya puli, vuta puli, chokoa sili iliyochoka, gonga mpya, rudisha. Kijana mwenye nguvu huimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri. Ila mbona lori hilo hilo hurudi baada ya mavuno ya mpunga wa Mpimbwe likiwa na tope lile lile chini ya puli? Lawama huenda kwenye sili: ni feki. Sili feki zipo, sibishi. Lakini sili halisi nazo huvuja zikiwekwa mahali palipokwisha kuharibika, na vumbi la barabara za huku ndilo lililopaharibu.

Pitisha ukucha juu ya shingo ambayo mdomo wa sili unaigusa. Kwenye injini nyingine shingo hiyo ni ya krenki yenyewe, kwenye nyingine ni ya puli. Pakiwa pazima, ukucha huteleza. Kwenye lori lililokula miaka ya njia ya Koga au ya Mishamo kabla ya lami, ukucha hunasa: kuna mfereji mwembamba umezunguka chuma chote, unang'aa kama pete. Mpira laini umekikata chuma kigumu! Hilo hushangaza wengi, lakini mpira peke yake haukati sana. Chembe za mchanga zinazonasa kwenye mdomo uliolowa oili ndizo zinazosaga, mamilioni ya mizunguko, mahali pale pale. Sili mpya ikigongwa hadi kina kile kile, mdomo wake mpya unakaa juu ya mfereji wa zamani, na oili inapita chini yake. Tiba inajulikana. Sili isukumwe mbele au nyuma kidogo, pale muundo unaporuhusu, ili mdomo ukutane na chuma ambacho hakijaliwa. Au shingo ivishwe ala nyembamba ya chuma, unene wake kiasi cha robo ya milimita, inayoufunika mfereji. Ala hiyo inauzwa. Haiulizwi dukani, kwa sababu ukucha haukupitishwa.

Vumbi lina njia ya pili, nayo ni mbaya zaidi. Chujio la hewa lililochanika au kufungwa vibaya hupitisha mchanga kwenye silinda, ringi zinalika, moshi na hewa ya mlipuko inapita kando ya pistoni na kushuka kwenye sampo. Hewa hiyo ina tundu lake la kutokea, briza. Briza ikizibwa na uchafu, shinikizo linajaa ndani ya injini na kutafuta mahali dhaifu, na mahali hapo mara nyingi ni sili, ya mbele au ya nyuma. Kwa injini ya namna hiyo sili mpya ni matumizi ya bure. Kipimo chake hakihitaji mashine: injini iwe inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitulia au kikitikisika kidogo, haya. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo, puli isiguswe kwanza. Safisha briza, kisha upime upya.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote hutoka kwa wenye mali, na lina uzito. Lori limebeba mahindi, mnunuzi anasubiri, dereva na utingo wanalala chini ya trela. Nani atalipia fundi akae akitazama kifuniko kikirukaruka? Ninaelewa. Lakini kipimo kile ni cha dakika chache, na ukucha ni wa sekunde. Kinachopoteza siku ni kuifungua puli mara ya pili. Tena oili inayolowesha belti huifanya iteleze, pampu ya maji na feni zikapunguza mwendo, na injini ikachemka kwenye kupanda kuelekea Ufipa, mbali na gereji yoyote. Hapo kilichoanza kama spea ndogo kabisa kwenye injini kinafikia gasketi ya silinda hedi. Tatizo la kweli ni kwamba tumezoea kumlipa fundi kwa kilichofungwa na spana. Anayesema "usibadilishe sili, safisha briza" anaondoka na hela kidogo kuliko anayebadilisha sili ambayo haikuwa na kosa. Mpaka malipo ya uchunguzi yatajwe peke yake kabla puli haijafunguliwa, fundi mwaminifu atakuwa anaadhibiwa.

Malori mapya yamelifanya jambo hili kuwa la haraka zaidi, kwa kuwa yanageuza mazoea mazuri ya jana kuwa makosa. Kila fundi alifundishwa kupaka oili kwenye mdomo wa sili kabla ya kuiweka, na kwa sili ya mpira ni sahihi hadi leo. Lakini injini nyingi za sasa zina sili ya tefloni, isiyo na springi, yenye mdomo mpana ulionyooka, na hiyo huwekwa kavu juu ya chuma kikavu na kisafi, maana inahitaji kuacha utando wake kwenye shingo inapoanza kuzunguka. Ukiipaka oili, itavuja. Karatasi ndogo ndani ya pakiti inasema hivyo, lakini haisemi kwa Kiswahili. Hali ni hiyo hiyo kwa dampa, kile kipunguza mtetemo kilicho mbele ya krenki. Zile zenye ute mzito wa silikoni ndani zina nafasi finyu sana kati ya gamba na uzito unaozunguka. Nyundo ikibonyeza gamba, dampa imekufa, ingawa kwa macho inaonekana nzima. Mtetemo unaoanza hapo hauonekani siku hiyo. Unaweza kuivunja krenki baada ya miezi, na hakuna atakayeikumbuka nyundo.

Lami nayo imefika. Katika miaka ya 2010 ilisogea kutoka upande wa Sumbawanga, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua barabara ya Tabora, Koga hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 340. Wapo wanaosema vumbi limekwisha na hoja yangu imekwisha nalo. Barabara kuu, ndiyo. Lakini mpunga, mahindi na tumbaku haviko kando ya lami. Viko ndani Mpimbwe, Mishamo na Katumba, na lori lazima liingie huko. Isitoshe, injini nyingi zinazopita kwenye lami leo zilikula vumbi miaka kumi kabla yake. Mifereji iko kwenye shingo zake, ringi zimekwisha kulegea, na sasa zinakimbizwa kwa kasi ambayo changarawe haikuziruhusu, joto juu na shinikizo juu. Ndiyo maana lori la namna hiyo likiingia gereji likivuja mbele, ningeomba kifuniko cha oili kifunguliwe kwanza, kisha briza, kisha chujio la hewa. Na puli ikija kufunguliwa, ukucha upite kwenye shingo kabla mtu hajatumwa dukani.